Asilimia 5 si mwisho, mabeshte

Hapa Makupa kuna ajenti ana mchezo wake. Kazi unaingia kila siku, saa kapanga yeye, lakini mkataba unakuita "konsalta". Anakata asilimia 5, anakwambia kodi imeisha, Juni ukajaze nil pale saiba. Mimi nilijaza. Walai nilijiona mjanja!

Sikizeni sasa. Ile asilimia 5 ni arubuni tu, na imesomeka iTax kwa PIN yako. KRA wanaona pesa, wewe umeapa hukupata kitu. Deni lako, faini yako. Yeye? Kakwepa kukuchangia NSSF na ile asilimia 1.5 yake ya ushuru wa nyumba. Ati anatusaidia!

Mimi narekebisha ritani yangu wiki hii. Mkataba mpya, nauliza PAYE kabla ya kalamu.