Bernstein ananililia sana

Wasee, tuambiane ukweli. Simfonia ya 6 ya Tchaikovsky mnaisikiza ya nani? Kila nikiuliza jibu ni moja: Leonard Bernstein na New York Philharmonic, 1986. Ati ndiyo nzito.

Nzito, sawa. Sehemu ya mwisho pekee inakula dakika 17! Sasa weka Yevgeny Mravinsky na okestra yake ya Leningrad, rekodi ya 1960. Sehemu ileile haifiki dakika 10. Noti ni zilezile.

Mimi niko na Mravinsky na sitoki hapo. Tchaikovsky mwenyewe aliiongoza mara ya kwanza St Petersburg, Oktoba 1893, na siku 9 baadaye akafa. Basi watu wakashika kuipiga kama wako matangani. Bernstein analia kwa niaba yako mpaka wewe unakosa nafasi ya kulia. Mravinsky hakungoji. Violini zinapanda, zinakatika, zinapanda tena, halafu gongi linagongwa mara moja tu, kwa upole, na bado hujapata pumzi. Hiyo ndiyo inaniumiza.

(Sehemu ya tatu, ile hufanya watu wapige makofi wakidhani imeisha, Bernstein apewe maua yake. Hapo anawaka.)

Ukiwa kwa matatu jioni, jaribu hizo dakika 10. Vaa hedifoni masikio yote mawili, tafadhali: pale mwanzo wimbo umegawanywa kati ya makundi mawili ya violini, noti moja huku, nyingine kule. Hakuna kundi linaloupiga mzima.