Kifumbu cha Figo

Mama akamuapo nazi kwa kifumbu, tui hupita na chicha husalia. Figo zetu nazo zina vifumbu vyake, kila figo vipatavyo milioni moja, ambavyo huchuja lita 180 hivi kwa siku. Maji na taka hupenya, na protini, iliyo nguvu ya damu, husalia.

Kifumbu hiki kimezungukwa na chembe hai, yaani seli, zenye miguu myembamba iliyopishana kama vidole vya mikono miwili. Baina ya mguu na mguu pana mwanya wenye utando, na utando huo umefumwa kwa protini iitwayo nefrini, iliyokaa juu ya ngozi ya seli. Nefrini ya seli hii hushikana na ya jirani yake. Ilijulikana mwaka 1998, Karl Tryggvason na wenziwe walipotafuta asili ya ugonjwa unaowapata watoto wachanga wa Ufini: protini huvuja katika mkojo, mwili ukavimba, na zamani, kabla ya kupandikizwa figo, wakifa wangali wadogo.

Twasoma katika Suratul-Muuminun daraja za kuumbwa mwana tumboni, lakini jicho letu halifiki humo. Wataalamu wakamwendea samaki mdogo mwenye milia, wa mito ya Bara Hindi, ambaye kijusi chake hukua nje ya mama nacho chapenya nuru kama kioo. Kifumbu chake ni kimoja tu, na siku ya pili huanza kuchuja. Walipozuia nefrini isifanyike, utando haukupatikana, na hata miguu ya seli haikuundika sawasawa. Protini ikavuja, samaki akavimba. Kumbe nefrini si kizibo tu, bali ni katika mafundi wa jengo lenyewe!

Mtoto mwenye ugonjwa huu amerithi kasoro kwa baba na kwa mama pamoja, nao wenyewe wazima. Basi mume amwachaye mkewe kwa ajili yake amemdhulumu, kwani nusu ya kasoro ni yake. Na wanaooana binamu, jambo lililo halali, huwa karibu zaidi na kukutanisha kasoro moja.

Wala si kila mtoto aamkaye na uso uliovimba ana ugonjwa huu. Wengi wana maradhi mengine ya figo yanayosikia dawa. Kabla ya kutafuta hirizi, na apelekwe hospitali apimwe mkojo. Kipimo cha kwanza ni kijikaratasi tu kinachochovywa, na jibu hupatikana kwa dakika chache.