Musipime mayi peke yake, pimeni matope ya Panda!

Bandugu vijana wa Likasi, Lubumbashi na Kolwezi,

Tumechoka na ile chupa. Kila mara watu wa kando ya mto wakilia kwamba samaki wanakufa, inafika jipu, anashuka muheshimiwa na wapiga picha wake, wanachota chupa moja ya mayi, kisha tunaambiwa: mayi ni mazuri, kaeni kimya. Karatasi ya matokeo iko wapi? Hatujaiona hata siku moja.

Shida ni kwamba sumu haibaki yote mu mayi. Mayi makali ya kiwanda yanabeba mukuba, kobalti, kadmiamu na risasi. Yakichanganyika na mto, ukali unapungua, na metali zinashuka kushikamana na udongo wa chini. Mayi yanapita, matope yanabaki. Mvua kubwa ikinyesha, mto unayavuruga na kuyamwaga mu mashamba ya bamama wanaolima lengalenga. Mwenye kupima mayi peke yake anatafuta mwizi kule ambako alishaondoka.

Likasi tunajua. Viwanda vya Shituru vinatengeneza mukuba tangu wakati wa Wabelgiji. Mayi yanateremka mu Panda, Panda inaingia Lufira, Lufira inaingia Tshangalele, lile ziwa lililotokea walipojenga baraji ya Mwadingusha. Karibu miaka 100 ya matope imelala kule chini, na watu wanavua palepale. Pengine jana ulikula huyo samaki na bukari.

Mwaka 2009 watafiti wa UNILU na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti ilipita kiasi chochote kilichowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida. Batoto ndio walizidi. Na toka siku ile, nani alifagia mto?

Tutaambiwa tunafukuza sosiete, baba zetu wakose kazi. Uongo! Baba zetu ndio wanakula ile lengalenga. Katiba, kifungu cha 54, inasema uchafuzi wa shughuli za uchumi unalipiwa. Kode ya migodi, kifungu cha 285 bis, inamtaka mwenye mgodi arekebishe madhara hata kama hakuna kosa lake. Hatuombi zawadi.

Tunataka matope yapimwe toka Shituru mpaka Tshangalele, mbele ya mvua na nyuma ya mvua, na matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili. Wakisema watu hawatoshi, sisi wenye diplome za kemia tunakaa nyumbani bila kazi, tuko tayari kubeba ndoo bure.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, tukutane mbele ya meri ya Likasi. Kila mmoja alete chupa yake, ya matope safari hii, ifungwe vizuri. Na mukiyachota, muvae mifuko ku mikono.