Mpenda saa na amwulize fundi kabla ya muuzaji

Imezuka kasumba miongoni mwa wenye uwezo, hasa vijana waliopata kazi nzuri mijini, ya kupima ubora wa saa ya mkono kwa jina lililoandikwa usoni pake. Kwa maoni yangu, jina ndilo jambo la mwisho kutazamwa. Anayetamani saa iendeshwayo kwa kamani, isiyotumia betri, hana budi kujiuliza kwanza: siku itakaposimama, ni nani atakayeifungua, na vipuri atavitoa wapi?

Rafiki yangu mmoja ana saa mbili. Ya kwanza ni ya thamani kubwa, aliyoinunua ng'ambo kwa akiba ya miaka kadhaa. Ya pili aliachiwa na marehemu babake, nayo hutiwa ufunguo kila asubuhi. Ile ya fahari imelala katika mtoto wa meza mwaka wa pili sasa, kwa kukosa kipuri kidogo kuliko punje ya mtama. Mtengenezaji hakiuzi ila kwa karakana anazoziidhinisha mwenyewe, na hapa nchini hakuna hata moja. Ile ya urithi hupelekwa kwa mzee mwenye kibanda katika kichochoro kimoja cha Nairobi, ikasafishwa, ikatiwa mafuta, na jioni ikarudi mkononi. Je, kati ya hizo mbili, ipi ndiyo saa?

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, madhali simu hutuonyesha saa bila kosa. Sibishani nao. Tangu Desemba 25, 1969, Seiko ya Japani ilipozindua mjini Tokyo saa ya mkono iliyoongozwa na jiwe la kwatsi, saa ya kamani ilishindwa kwa usahihi. Kwatsi ya saa za betri za siku hizi hutetema mara 32,768 kwa kila sekunde. Mapinduzi hayo yaliiyumbisha Uswisi: wafanyakazi wa viwanda vyake vya saa walipungua kutoka takriban 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Kwa hiyo, asiyetaka ila kujua wakati, na anunue saa ya betri kwa bei nafuu.

Hata hivyo, saa ya kamani ina jambo ambalo simu haina: yaweza kueleweka kwa macho. Ukiitia ufunguo, kamani hujikunja ndani ya kipipa kidogo. Ikijikunjua, husukuma msururu wa magurudumu yenye meno. Mwishoni mwa msururu huo kuna kizuizi kinachoruhusu jino moja moja kupita, nacho hupata amri kutoka kwa kigurudumu kinachopepea huku na huku kwa nguvu ya kamani nyembamba mithili ya unywele. Mlio usikikao uwekapo saa sikioni ni wa kizuizi hicho. Mtambo wa kawaida hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara 518,400 kwa siku. Ukipotea sekunde kumi kwa siku, umekosea sehemu moja tu katika 8,640. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mwenye kuyaelewa haya hadanganyiki upesi. Mathalani, atajua kwamba vito vinavyotajwa usoni mwa saa si pambo bali ni yakuti za kutengenezwa viwandani, ziwekwazo pale ekseli zinapozungukia ili kupunguza msuguano. Saa ya kutiwa ufunguo kwa mkono hutosheka na vito 17. Katika miaka ya 1960 baadhi ya watengenezaji walifikisha 100, vingi vikiwa havina kazi ila kumvutia mnunuzi.

Isitoshe, atauliza habari za mtambo kabla ya kuuliza habari za jina. Mtambo wa NH35 wa Seiko, mathalani, umo ndani ya saa za watengenezaji wengi mbalimbali, na ukiharibika kabisa waweza kubadilishwa mzima. Akinunua saa kuukuu, ataomba ifunguliwe mgongo mbele yake ili aone kama kuna kutu. Atautilia shaka uso unaong'aa kama mpya juu ya mtambo uliochakaa. Kisha ataiacha saa itembee siku nzima na kuilinganisha na saa ya redio. Gharama ya kuisafisha na kuitia mafuta kila baada ya miaka michache ataihesabu kuwa sehemu ya bei.

Suala la vipuri si la kwetu pekee. Mwaka 2004 shirikisho la mafundi wa saa wa Ulaya lilipeleka malalamiko kwa Halmashauri ya Ulaya, likidai kwamba watengenezaji wa saa za fahari wanawanyima vipuri mafundi wa kujitegemea. Halmashauri iliyakataa malalamiko hayo, na mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikauunga mkono uamuzi wake. Ikiwa fundi aliye jirani na viwanda hivyo amenyimwa, huyu wetu wa River Road atapewa na nani?

Ndiyo maana nasema kwamba uchaguzi wa saa si anasa ya mtu binafsi tu. Kila anayenunua saa isiyofungulika hapa kwetu humpunguzia fundi wetu kazi, na fundi asiye na kazi hana cha kumrithisha mwanagenzi. Mafundi wengi niwajuao ni wazee, na viti vilivyo kando yao, walipopaswa kuketi wanafunzi, ni vitupu. Wakituondoka hali mambo ni haya, hata zile saa za baba zetu zitakuwa vyuma vya kutupwa.

Basi, msomaji, kabla hujatoa pesa zako dukani, pitia kwanza kwenye kile kibanda kichochoroni. Mwulize mzee ni saa gani anazoweza kuzitengeneza, kisha uchague miongoni mwa hizo.