Mto wa Wazee Watupu

Aghalabu tunapotaka kujua iwapo kiumbe fulani yu hatarini, tunawahesabu walio hai. Kipimo hicho kina ila, na ushahidi ni kome wa lulu wa mito ya Uskoti.

Kome huyu, ambaye wanasayansi humwita Margaritifera margaritifera, huweza kuishi zaidi ya miaka 100, nusu yake imezama katika changarawe, akichuja hadi lita 50 za maji kwa siku. Kwa karne nyingi aliuawa kwa ajili ya lulu, ambayo hupatikana katika kome wachache mno. Mwaka 1998 sheria ya Uingereza iliharamisha kumwua au kumwopoa mtoni. Hata hivyo, iko mito ambamo kome wazima wangalipo, ilhali haonekani hata mtoto mmoja. Mpita njia atadhani mto u salama. Kumbe ni mto wa wazee watupu.

Sababu yafahamika. Mtoto wa kome sharti ajishike kwenye matamvua ya samoni au trauti kwa miezi kadhaa, kisha aanguke katika changarawe safi na kukaa humo miaka kadhaa. Samaki wakizuiwa na mabwawa, au changarawe ikizibwa na tope, kizazi hukoma hata kama hakuna amgusaye mzazi. Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Kwangu mimi mwanaisimu, habari hizi si ngeni. Lugha nayo huanza kufa siku watoto wanapoacha kuizungumza, wala si siku anapozikwa msemaji wa mwisho. Wayaaku wa Mukogodo, hapa Kenya, walihamia Kimaasai katika karne ya 20, Kiyaaku kikabaki kwa wazee wachache. Kuwarekodi wazee hao ni jambo jema, lakini kinasa sauti hakilei mtoto.

Vivyo hivyo, sheria inayomlinda kome bila kuulinda mto imefanya nusu ya kazi. Nasi tusijione tu mbali na Uskoti: mito yetu yachotwa mchanga usiku na mchana, na kila masika hubeba udongo wa mashamba yasiyo na matuta. Walimu na wawapeleke wanafunzi kwenye mto ulio karibu na shule. Baada ya kuwahesabu viumbe waliomo, waulize pia watoto wao wako wapi.