Nywele Ngumu au Mkono Mgumu?

Mwanamke yeyote mwenye nywele za kipilipili, na hata yule mwenye nywele za mawimbi, akienda saluni kukata nywele huambiwa maneno haya haya: "Dada, nywele zako ngumu. Tuzilainishe kwanza, ndipo tuzikate." Husemwa kwa upole, kama mganga anayempa mgonjwa habari za maradhi yake. Mimi nayapinga maneno hayo. Nasema nywele si ngumu, na kuzilainisha si kuzikata.

Tuanze na huo ugumu. Unywele wa singa ukiutazama kwa kukatiza ni mviringo kama waya. Wa kipilipili umebanwa ubavuni kama utepe, na kitundu cha ngozi unamotokea kimepinda. Ndiyo sababu hujisokota. Mafuta ya kichwa, ambayo kwenye singa huteremka bila shida hadi nchani, kwenye kipilipili huishia njiani kwenye zile kona nyingi, na ncha zikabaki kavu. Tena kila unywele unapopinda ndipo unapokuwa mwepesi kukatika. Hebu fikiri, msomaji: kitu kinachokatika kwa kuchanwa tu, kinastahili kweli kuitwa kigumu? Kigumu ni kile kitana cha meno ya kubanana, na kigumu zaidi ni mkono unaokivuta kutoka kwenye shina kwenda nchani, badala ya kuanza nchani na kupanda pole pole.

Sasa tuje kwenye kukata kwenyewe. Nywele zangu zikilowa na kuvutwa hufika begani. Zikikauka hupanda zikakaa chini kidogo ya sikio. Na hazipandi sawasawa. Za kisogoni zinajisokota sana, za utosini kiasi, za karibu na paji la uso zina mawimbi tu. Basi anayezilowesha, au anayezinyoosha kwa pasi, akazikata zikawa sawa kama ukingo wa meza, amekata kichwa ambacho mimi sitembei nacho. Siku nikiziosha zitarudi kwenye hali yake, na ule usawa utageuka ngazi: huku juu, huku chini, na ubavuni kishungi kimetokeza kama mkia wa bata. Nywele za binadamu huota sentimita moja na kitu kwa mwezi. Jihesabie mwenyewe miezi ya kufunga kilemba.

Nywele za namna hii hukatwa kavu, zikiwa katika umbo lake la kila siku. Mkataji huzitazama kwanza, huzunguka kiti, hukata kidogo kwa mkasi mdogo wenye makali, huziachia zijirudie, hutazama tena. Ule mkasi wenye meno, wa kupunguza nywele nzito, usikaribie. Huacha vipande vifupi vifupi ndani vinavyozisukuma za juu zikatimka. Ndiyo kanuni yote. Haihitaji umeme.

Kuna watakaosema nataka mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba mwaka 2001 mtengeneza nywele wa New York, Lorraine Massey, alitoa kitabu kiitwacho Curly Girl, na jina lake limehusishwa na kukata nywele zikiwa kavu, msokoto mmoja mmoja. Huko watu hulipa fedha nyingi kwa kazi hiyo. Lakini sikujifunza kwa Wamarekani. Wenye umri wangu wanawakumbuka vinyozi wa chini ya mwembe, wenye kiti cha mbao na kioo kilichopasuka pembeni. Miaka ya 1970, vijana walipokuwa wakifuga afro, ni vinyozi hao waliozitengeneza. Walizitimua kwa chanuo zikiwa kavu, wakarudi nyuma hatua mbili, wakautazama ule mviringo kwa jicho moja, kisha mkasi ukawa unapita juu juu, ka-ka-ka, huku wakizunguka. Kijana aliondoka na kichwa mfano wa chungwa. Sikupata kumsikia kinyozi akimwambia kijana kwamba nywele zake haziwezi kukatwa mpaka kwanza zitiwe dawa. Nywele ni zile zile. Iweje kichwa cha kaka kikatike na cha dada yake, waliozaliwa tumbo moja, kiitwe kigumu?

Jibu ni biashara. Kukata vizuri ni kazi ya mara mbili au tatu kwa mwaka. Dawa ni kazi ya kila baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu nywele mpya zinazoota chini zinakuja na msokoto wake, hazina habari na dawa ya mwezi uliopita. Mteja wa mkasi huondoka; mteja wa dawa amefungwa kamba mguuni. Simlaumu sana binti wa saluni, naye anatafuta riziki na amefundishwa hivyo. Nawalaumu waliomfundisha kwamba ufundi wa nywele huanzia pale nywele zinapokwisha kuharibiwa asili yake.

Na shule zetu zina sehemu yao. Katika shule nyingi msichana hutakiwa kunyoa au kuzikata fupi kabisa tangu darasa la kwanza. Najua sababu zinazotolewa: usafi, chawa, kupoteza muda, usawa wa tajiri na maskini. Sitazibishia hapa. Ninachosema ni kwamba msichana anamaliza kidato cha nne hajawahi kuziona nywele zake zina sura gani. Hajui zinajisokota vipi, zinapenda mafuta gani, zinachanwaje. Wa kwanza kumjulisha nazo ni mtu wa saluni, naye anamwambia ni ngumu.

Mtoto wa dada yangu yalimkuta hayo. Miezi michache baada ya mtihani wa mwisho alikwenda saluni, jina lake silitaji, akitaka kupunguzwa tu apate umbo. Alitiwa dawa. Ilipoanza kumchoma aliambiwa, "Vumilia mdogo wangu, bado haijashika." Akavumilia, maana sisi wanawake tumelelewa kuvumilia kichwani tangu siku za kusukwa twende kilioni. Alirudi nyumbani na malengelenge nyuma ya masikio, na wiki ile yakawa vidonda. Aliniambia, "Mama mdogo, lakini zimelala." Naam, zilikuwa zimelala.

Dawa nyingi za namna ile zina kostiki soda, ile ile waijuayo watengeneza sabuni, au nyingine ya ukoo wake. Huvunja vifungo vilivyomo ndani ya unywele, na unywele uliokwisha kuvunjwa haujisokoti tena. Husubiriwa uote mwingine. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kwa wale ambao hawakuwahi kutumia dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kuwa asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kabla ya kutimiza miaka 70. Kwa watumiaji wa mara kwa mara, asilimia 4.05. Utafiti wa namna hii peke yake hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, na bado walio wengi hawaupati. Lakini mimi ningependa binti aliyekwenda kukatwa nywele aambiwe habari hiyo kabla ya kufungwa taulo shingoni.

Wala sidai mtu apigwe marufuku. Tumekwisha kuona marufuku. Mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, na wasichana wakasumbuliwa barabarani kwa jina la utamaduni. Mwanamke mzima anayetaka nywele za kulala, azilaze. Kichwa ni chake. Ninayemtetea ni yule aliyeketi kwenye kiti akasema "nikate", akapewa kitu kingine.

Kwa hiyo yeyote anayefundisha kazi hii, awe chuoni au uani kwake, ampe mwanafunzi mkasi na kichwa cha kipilipili kikavu kabla hajamfungulia kopo la dawa. Ampeleke kwa kinyozi mzee akae wiki mbili atazame, kama bado yupo anayejua afro. Na mteja naye aache haya, aulize bei ya kukata peke yake. Mimi nina mazoea ya kusoma karatasi za bei zinazobandikwa ukutani ninapongoja zamu. Kuosha imo, kusuka imo, kubandika imo, pasi imo, dawa imeandikwa mara tatu kwa majina ya makopo. Katika nyingi nilizosoma, kukata haimo.