Usiinyamazishe Hitilafu, Isome Kwanza

Najua nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenilemea. Leo nimerudi na hasira kidogo. Sijaikasirikia tarakilishi, nimekasirikia tabia yetu sisi tunaoitumia.

Jumamosi iliyopita, saa nne usiku, mpwa wangu alinipigia simu. Yuko mwaka wa nne, anasomea uhandisi wa maji, na mradi wake ulitakiwa mezani kwa msimamizi Jumatatu asubuhi. "Mjomba, samahani kwa usiku. Mashine imeharibika, nataka kufuta Linux yote niweke upya."

"Usifute kitu. Imeandika nini?"

"Imeandika tu error."

"Hapana. Nisomee mstari wote, neno kwa neno."

Mstari wenyewe ulikuwa huu:

error while loading shared libraries: libgfortran.so.3: cannot open shared object file: No such file or directory

Kwa Kiswahili chetu: nimejaribu kupakia maktaba ya pamoja iitwayo libgfortran.so.3, sikuiona faili hiyo. Basi. Hakuna kilichoharibika. Programu imekutajia kwa jina kitu inachokikosa, na bado mtu anataka kufuta diski nzima na kupakua mfumo upya kwa bando ya mwanafunzi!

Kwa wale wageni wa mambo haya, nieleze kidogo. Maktaba ya pamoja ni msimbo ambao programu nyingi hutumia bila kila moja kubeba nakala yake. Ni kama wapangaji wa ploti moja wanaochota maji kwenye bomba moja. Faida yake ni kubwa: nafasi inaokolewa, na bomba likirekebishwa wote wananufaika. Ubaya ni kwamba landilodi akibadilisha bomba likawa la kipimo kingine, mpira wako wa zamani hauingii tena.

Programu za hesabu nzito ndizo zinazoumia zaidi kwa jambo hili. Sababu yake ni ya kihistoria. Octave, NumPy, R na wenzao hawafanyi kazi yote wenyewe. Kuzidisha matriki wanaiachia BLAS, ambayo ilichapishwa mwaka 1979, na kutatua milinganyo wanaiachia LAPACK, iliyotoka mwaka 1992. Zote mbili zilizaliwa katika lugha ya Fortran, na programu ya Fortran iliyokompailiwa kwa gfortran huhitaji libgfortran wakati wa kuendeshwa. Kwa hiyo unaweza kuandika Python maisha yako yote, halafu siku moja ukakatazwa kazi na lugha ambayo hujawahi kuiandika.

Sasa ile namba 3 mwishoni. Watu huiona kama pambo, kumbe ni ahadi. Toleo la 3 lilikuja na GCC za kuanzia 4.3 hadi 6. GCC 7 ya mwaka 2017 ikaleta la 4, na GCC 8 ya mwaka 2018 ikaleta la 5. Namba ilibadilika kwa sababu maagano ya ndani yalibadilika. Katika GCC 8, kwa mfano, namna ya kupitisha urefu wa maneno kwenye mashine za biti 64 ilibadilishwa, na maelezo ya safu za namba yakapangwa upya. Programu ya mpwa wangu ilikompailiwa miaka mingi iliyopita, naye ana Ubuntu mpya ambayo haina tena toleo la 3.

Kabla ya kunipigia, kijana alikuwa tayari ametafuta kwenye mtandao na kupata "dawa". Kuna mtu alimshauri atengeneze kiungo chenye jina libgfortran.so.3 kinachoelekeza kwenye libgfortran.so.5. Yaani ubandike jina la zamani kwenye kitu kipya. Alipofanya hivyo akapata hitilafu nyingine, kwamba GFORTRAN_1.0 haikupatikana. Hapo ndipo aliposema mashine imeharibika.

Ndugu msomaji, hiyo hitilafu ya pili ilimwokoa. Waliotengeneza libgfortran waliweka alama ya toleo ndani ya maktaba ili udanganyifu wa aina hiyo ukataliwe mlangoni. Si maktaba zote zina mlinzi kama huyo. OpenBLAS inaweza kujengwa kwa namba kamili za biti 32 au za biti 64, na usipotia alama, majina ya kazi zake hubaki yale yale. Ukiziunganisha vibaya, programu inaweza kuanguka, au ikaendelea kukokotoa huku inasoma takataka. Kati ya hayo mawili mimi naomba ianguke. Daraja au bwawa likijengwa kwa jibu lisilo sahihi, halitakuonyesha hitilafu kwenye skrini.

Dawa ya pili inayopendwa ni LD_LIBRARY_PATH. Hapa nakiri dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliweka mstari wake kwenye .bashrc ili programu moja ya hesabu ifanye kazi. Ilifanya, nikafurahi, nikasahau. Baadaye programu nyingine zikaanza kufa moja baada ya nyingine zikilalamika kwamba GLIBCXX_3.4.29 haipo. Nilipoteza siku mbili nikilaumu kila mtu. Kumbe ile folda niliyoiongeza ilikuwa na libstdc++ ya zamani, na kila programu niliyoifungua ilikuwa inalazimishwa kuitazama hiyo kwanza. Nilitibu kidole nikaambukiza mwili mzima.

Maoni yangu basi ni haya. LD_LIBRARY_PATH ni ya kupimia, si ya kuishi nayo. Itumie kwenye mstari mmoja wa amri kuhakikisha dhana yako, kisha tafuta suluhisho la kudumu.

Haya, ufanyeje? Mimi hufuata hatua hizi:

1. Soma jina la maktaba na namba yake.

2. Endesha ldd kwenye programu hiyo uone mistari yenye "not found". Usifanye hivyo kwa programu usiyoiamini, maana ldd inaweza kuiendesha. Hapo tumia readelf -d.

3. Uliza mfumo kama maktaba ipo: ldconfig -p. Linux haipekui diski nzima. Hutazama njia zilizoandikwa ndani ya programu, LD_LIBRARY_PATH, orodha ya /etc/ld.so.cache, kisha /lib na /usr/lib. Ukijijengea OpenBLAS mwenyewe, kwa kawaida huenda /opt/OpenBLAS/lib, mahali ambapo hakuna anayetazama. Ongeza njia hiyo kwenye /etc/ld.so.conf.d kisha endesha ldconfig.

4. Kama ipo lakini inachukuliwa isiyofaa, weka LD_DEBUG=libs mbele ya amri yako. Utaona kila mahali inapotafuta.

5. Kama haipo kabisa, sakinisha kifurushi chake. Kama hakipo tena, kompaili programu upya.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuokoa. Nilimwuliza mpwa wangu kama kuna msimbo wa Fortran. Akasema hajui. Tukafungua zipu aliyopewa na mwalimu wake, msimbo wote ulikuwa humo, pamoja na folda ya data ya mfano na majibu yake. Gfortran ilimaliza kazi kwa chini ya dakika moja. Alitaka kukimbilia data yake, nikamkataza mpaka aendeshe ile ya mfano na kulinganisha majibu. Yalilingana. Jumatatu aliwasilisha.

Na nyinyi mnaosambaza programu za hesabu, tafadhali msitupe faili moja iliyokompailiwa halafu mkapotea. Wekeni msimbo na data ya kujaribia, au beba maktaba zako ndani ya kifurushi kama NumPy inavyobeba OpenBLAS kwenye vifurushi vyake vya pip. Mtu atakayeitumia miaka kumi ijayo hatakuwa na mashine kama yako.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukiomba msaada, bandika hitilafu yote, si neno moja. Mimi bado nasikitika kwamba tunafundisha vijana kuandika msimbo lakini hatuwafundishi kusoma mashine inaposema nao. Wewe unaonaje? Niandikie maoni yako. Tukutane tena, na umeme usipotee.